Miti ya Mama Kagendo na Koki Niliyokataa Kuifunga

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyokunywa uji wa mwanamke ambaye tulikuwa tumeenda kukata miti yake. Alinipa kwa mikono miwili, akaniambia nipumzike kwanza, jua lipungue. Kati ya watu wote waliokuwa wamekaa kwenye nyasi za ua wake, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba miti ile haikuwa na kosa. Nikanywa. Nikasema asante.

Maneno hayo nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu kila nikiyasoma naona nimejipunguzia aibu mahali fulani. Sasa nimeyaacha. Nawe nakujua: ni mtu wa kufuta na kuandika upya, mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya neno moja ulilokosea mbele ya watu. Tabia hiyo umeitoa kwangu, na ndiyo maana nakuandikia.

Kwetu, kama ujuavyo, ni chini ya Kiirua, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda nchi kavu ya Isiolo. Ukisimama hapo asubuhi unauona mlima umejifunika mawingu, na kule Kibirichia, ambako shangazi yangu alilima viazi, mvua ilinyesha hadi watu wakaichoka. Kwetu mawingu yalipita tu, kama wageni wanaosalimia barabarani bila kuingia nyumbani. Miaka ile ya sabini kanisa letu likapata msaada wa kuchimbiwa kisima kwa mashine, na mashine ikaja na kelele zake, na kijiji kizima kikahamia pale kutazama.

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba. Nyumbani nilikuwa na kitabu kimoja cha jiografia kisicho na jalada, na nilikuwa nimekisoma hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa. Wachimbaji walipofika nilishinda nao kutwa nikiuliza maswali. Niliokota vipande vilivyotoka shimoni nikavipanga kwenye gunia kwa utaratibu wake: udongo mwekundu, halafu udongo wa mfinyanzi mzito unaonata, halafu jiwe jeusi gumu, halafu mawe mepesi yenye vitundu kama mkate ulioumuka vizuri. Walipofikia mawe yale yenye vitundu, maji yalipanda yenyewe. Hakukuwa na pampu wala kamba. Yalipanda bombani, yakaruka juu kuliko kimo cha mtu, yakatunyeshea sote. Mzee M'Ikiara, mwenyekiti wa kamati ya maji, alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

Watu wakataka kujua maji yanawezaje kupanda bila kusukumwa. Hapo nilipata nafasi niliyokuwa nikiiota. Nilileta mpira wa kumwagilia, nikauunganisha na pipa lililokuwa juu ya kilima kidogo, mwisho wa chini nikauziba kwa kidole. Kisha nikautoboa kwa msumari. Maji yakaruka juu kutoka kwenye tundu, watoto wakapiga kelele.

"Pipa ni mlima," nikawaambia. "Mvua, ukungu na theluji ya huko juu haviishii mtoni vyote. Sehemu huzama ardhini msituni, huingia kwenye mawe yenye vitundu, na hushuka humo polepole kuja huku kwetu. Lakini juu ya mawe hayo kuna udongo wa mfinyanzi na jiwe gumu, na chini yake kuna jiwe lingine. Maji yamebanwa katikati, kama haya ndani ya mpira. Hayana pa kutokea, na huku nyuma maji mengine ya juu yanayasukuma kwa uzito wake. Tumetoboa. Yanajaribu kurudi karibu na kimo cha kule yalikotoka."

Hilo nililisema vizuri, na lilikuwa kweli. Niliongeza jambo jingine ambalo lilikuwa kweli pia: kwamba nchi kavu kama yetu haina akiba bora kuliko hiyo. Ukichimba bwawa wazi, jua hulinywa mbele ya macho yako na ng'ombe hulikoroga. Maji yaliyo chini ya jiwe jua haliyafikii. Mwaka mvua ikikosa, unakunywa mvua ya miaka mingi iliyopita, iliyokuwa njiani ikija kwako kabla hujazaliwa. Ila msitu wa juu lazima ubaki uyapokee, na sisi wa chini tusiyamwage, kwa sababu nguvu inayoyapandisha ni ya watu wote. Nilitoboa tundu la pili kwenye mpira ule kuwaonyesha. La kwanza likalegea. Kwa hiyo, mwanangu, usije ukasema baba yako alikosea kwa kutojua. Nilifundisha somo hilo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya mashahidi.

Wachimbaji walipoondoka walituachia koki kubwa ya gurudumu juu ya bomba. Mkubwa wao alitwambia, mimi na mzee M'Ikiara, kwamba watu wakimaliza kuteka koki ifungwe. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Mwanzoni nilifunga kila jioni. Lakini asubuhi nikifungua, maji ya kwanza yalitoka na rangi, mekundu kidogo, yenye mchanga laini. Baada ya muda mfupi yalikuwa safi kabisa. Asubuhi moja Karimi, msichana wa jirani asiyeweza kupita kitu bila kukitania, alichungulia ndoo yake.

"Mutethia, leo umetuwekea hadi majani! Sasa sukari iko wapi?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akaomba aongezewe maziwa. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na "chai ya Mutethia".

Ulikuwa mzaha, na Karimi alikuwa amekwisha kuusahau kabla hajafika kwao. Mimi sikuusahau. Nililala nikiusikia. Nilikuwa kijana ambaye kitu chake pekee cha kujivunia ni maji yale, na nilitaka yatoke bila doa. Nikagundua kwamba yakiachwa yatiririke, hayapati muda wa kutulia bombani yakashika rangi. Basi nikaacha kufunga. Maji yakatoka safi usiku na mchana, yakashuka bondeni, yakafanya ziwa la matope ambamo ng'ombe walizama hadi magotini. Wapita njia walisimama kulitazama. Walisema tumebarikiwa.

"Mutethia," mzee M'Ikiara aliniuliza, "haya yakiachwa hivi hayawezi kuisha?"

"Hayaishi, mzee. Yanatoka mlimani."

Nilimjibu kwa sauti ya mwalimu. Akaridhika, kwa sababu aliniamini.

Sasa nikwambie habari za Mama Kagendo. Alikuwa mjane aliyekaa chini ya kisima, mahali palipokuwa na mwamba wenye ufa, na katika ufa huo yalitoka maji kidogo lakini yasiyokatika. Nyumba zote za upande ule, zilizo mbali na kisima chetu, ziliteka hapo. Juu ya mwamba palikuwa na miti yake ya mkaratusi, ile tunayoiita bluugamu, iliyonyooka safu kwa safu. Yeye na mumewe waliipanda mwaka alipozaliwa binti yao Kagendo, na mume alikuwa amemwambia kwamba miti hiyo itatoa mbao za nyumba. Alifariki ikiwa bado fito. Mama Kagendo akaitunza. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na ukuta mmoja aliuegemeza kwa gogo, na mtu akimuuliza, alielekeza kidole kwenye miti na kusema, "Nyumba yangu ile pale, imesimama, inangoja kulala chini."

Chemchemi ile ilianza kupungua miezi kadhaa baada ya sisi kupata kisima. Kisha ikakauka.

Hata sikushtuka. Nilijiambia ni jua. Halafu birika la kunyweshea ng'ombe kisimani likapasuka, na ili saruji ikauke ilibidi nifunge koki siku kadhaa. Katika siku hizo nilipita kwa Mama Kagendo nikienda dukani, na nikaona ufa wa mwamba umelowa. Chini yake, kwenye kishimo walichokuwa wakitekea wanawake, palikuwa na maji ya kutosha kujaza kata. Nilichutama nikayatazama. Nilijua mara moja. Ulikuwa mpira uleule na matundu mawili.

Saruji ilipokauka nilirudi nikafungua koki. Niliyaacha maji yatiririke hadi rangi ikaisha, na sikuyafunga tena. Nikapita njia nyingine ya kwenda dukani.

Jumapili moja baada ya ibada watu wakakaa uwanjani kujadili chemchemi. Ni lazima nikwambie kwamba kwetu, maji yakipotea karibu na bluugamu, hakuna anayehangaika kutafuta mshukiwa wa pili. Mti huo unajulikana. Mwanamume mmoja alisimama akasema, "Hiyo miti inakunywa maji kama mtu ametafuna miraa ya Kangeta usiku kucha," na watu wakaangua kicheko.

Mama Kagendo hakucheka. Alisimama na kanga yake ameikaza.

"Hii miti na hii chemchemi zimekaa pamoja miaka yote, na hazijawahi kugombana. Mimi nauliza tu. Ni nini imebadilika mwaka huu?"

Mwanangu, lilikuwa swali sahihi, na jibu lake lilikuwa likitiririka hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Kama uwanja ungenyamaza kidogo tungelisikia. Mzee M'Ikiara alinigeukia.

"Wewe ndiwe umesoma mambo ya maji. Ni miti?"

Ningeweza kusema ukweli wakati ule na usingeniumiza sana. Lakini kichwani nilikuwa nikiona mpira, msumari, watoto wakishangilia, na mimi nikimwambia mzee kwamba hayaishi. Niliwaza nitaitwaje kuanzia jioni hiyo. Nikasema:

"Bluugamu hunywa maji mengi, mzee. Hilo linajulikana."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Niliichagua kwa uangalifu, ili mtu akija kunidai siku moja nimwonyeshe kwamba sikudanganya. Hadi leo sijapata uongo mchafu kuliko ukweli ule.

Ikaamuliwa miti ikatwe, na kila nyumba itoe mtu mmoja na shoka. Mama Kagendo aliinama akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda zake.

Siku ya kazi tulikuta sufuria mbili kubwa ziko motoni uani kwake, moja ya uji, nyingine ya githeri, yaani mahindi na maharagwe. Kwetu watu wakija kufanya kazi shambani mwako, unawapikia. Hiyo si sheria ya mtu yeyote, ndivyo tulivyolelewa. Lakini hakuna aliyetarajia angepika siku ile. Mzee M'Ikiara alisimama langoni, akaona haya.

"Mama, hata leo?"

"Mmekuja kwangu na mashoka tangu alfajiri," akajibu. "Niwaache mrudi kwenu na njaa, mkasemeje? Kwamba kwa Mama Kagendo watu hufanya kazi bila kula? Pigeni kazi, githeri bado inachemka."

Tukapiga kazi. Mti wa namna ile ukianguka unavuta pumzi ndefu kwanza, majani yote pamoja, kisha ardhi inatikisika. Kila ulipoanguka mmoja, Kagendo, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alisimamisha mwiko ndani ya sufuria, akangoja kishindo kiishe, akaendelea kukoroga. Jua lilipokuwa kali tukaitwa. Uji kwanza. Alipofika kwangu, mama yule alisema, "Shika, muthaka, wewe ndiye unaamka mapema kutufungulia maji." Aliniita kijana kwa jina hilo la heshima. Hakuwa ananicheka. Alikuwa ananishukuru.

Miti ile yote ilikatwa nguzo fupifupi za kuzungushia ua. Ua wa nini? Wa kisima changu, ili ng'ombe wasikanyage bomba.

Chemchemi haikurudi. Ingerudi vipi? Wanawake wa upande ule walipita kwangu na mitungi, wamechoka, na mimi niliwajazia kwa upole mwingi hadi wengine wakanisifu. Halafu watu wakasema, labda ni mizizi, bado iko hai, bado inakunywa. Ikapangwa kazi nyingine ya kuchimba visiki. Jioni ya kabla ya kazi hiyo nilipita karibu na kwa Mama Kagendo, nikamwona amekaa mlangoni na ungo mapajani, anachagua maharagwe. Alikuwa anajiandaa kutupikia tena.

Miguu yangu ilikataa kupita. Niliingia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: koki, rangi, ufa uliolowa, jibu langu pale uwanjani. Nililia, na nadhani nilitaka anione nikilia. Yeye aliendelea kuchagua maharagwe hadi nilipomaliza.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, mama."

"Basi bado hujasema." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Mimi sikungoja mtu aniambie miti yangu haina makosa. Nilikuwa najua. Wewe unataka nikusamehe hapa jikoni, tukiwa wawili, halafu uende kulala vizuri na kesho uamke bado ni Mutethia wa maji. Hapana. Kesho watakuja wote. Utasimama kabla sijapakua. Chakula cha uongo nimekipakua mara moja. Mara ya pili sitaki."

Kesho yake nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri na yote yakanitoka. Nilisema, "Si miti. Ni koki. Nilijua kabla hamjaikata." Nikakaa, kisha nikaona sijamaliza, nikasimama tena nikaeleza kwa nini sikuwa nikiifunga.

Karimi aliweka jembe chini. "Ni kwa sababu nilikucheka? Chai?" Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Wewe Mutethia, si ungenimwagia tu hayo maji!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee M'Ikiara akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuuliza. Mbele ya watu wote hawa, nilikuuliza wewe." Hakuniambia zaidi ya hapo, wala hakuniita mwongo. Angeniita, ningekuwa na la kujitetea.

Tulikwenda wote kisimani na koki ikafungwa. Gurudumu lake likatolewa na kukabidhiwa Karimi. Yeye akawa anafungua saa za kuteka tu, na yale maji ya kwanza yenye rangi aliyamwagia miche ya kabichi aliyoipanda pembeni. Ilikuwa rahisi hivyo. Mimi na kitabu changu hatukuwa tumefikiria hata kabichi.

Maji ya mwambani yalirudi kidogokidogo. Kwanza unyevu, kisha matone, kisha uzi mwembamba ambao ukiuwekea mtungi unaweza kumaliza hadithi nzima kabla haujajaa. Hayajawahi kuwa kama zamani, lakini yapo. Nyumba ya mbao haikujengwa. Wanaume waling'oa nguzo za ua wakamrudishia Mama Kagendo kwa aibu, na kwa kuwa zilikuwa fupi alizijengea banda la mbuzi. Kagendo alipoolewa, wageni walimpokea kutoka nyumba ileile ya udongo, yenye ukuta ulioegemezwa gogo. Mimi nilikuwa nimeombwa kuleta maji ya kupikia. Niliyaleta, nikasimama nje nikiutazama ukuta, na hadi wanamtoa bi harusi sikuweza kuingia kula.

Basi haya ndiyo ninayokuusia, mwanangu. Ukikabidhiwa kitu cha watu wengi, hasa maji, na hasa katika nchi isiyo na mvua, jua kwamba unachokiona kikifurika kwako kimetolewa mahali ambapo mtu mwingine anakisubiri. Funga koki. Usimwage ili usifiwe. Waulize walio upande wa chini wamepata nini, usingoje waje kukulalamikia.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo kama rangi kwenye ndoo. Usilifiche ndani ya sentensi isiyo na uongo. Kuchekwa kunauma usiku mmoja au miwili. Mimi ninayekwambia hivi niliuogopa usiku huo mmoja, nikalipia maisha yangu yote, na aliyelipa zaidi hakuwa mimi. Ukienda kutubu, usimtafute mpole peke yake jikoni. Nenda kwa wale waliokuamini, uwaambie wakiwa pamoja, na ukishasema usingoje wakufute machozi.

Mungu akupe kazi ya mikono unayoiweza, na ulimi mwepesi wa kusema "nimekosa mimi". Akulinde na sifa za bure. Popote utakapojenga, majirani zako wa juu wakukumbuke, nawe usiwasahau wa chini. Na mlangoni pako asikose kupita mtu anayeweza kukutania asubuhi, nawe ukacheka naye.